Tutaachana Tunduma

Msishtuke, ndoa ipo. Miaka 12 sasa, watoto wawili, mkopo wa kiwanja na mama mkwe mmoja mwenye sauti. Lakini mwezi Juni, Mungu akipenda, mimi na baba watoto tutatoka Dar es Salaam kila mtu na pikipiki yake, tutalala Iringa, siku ya pili jioni tutafika Tunduma, na kesho yake asubuhi tutaachana pale pale mpakani. Mimi nitavuka kuingia Zambia. Yeye atageuza pikipiki arudi kwa watoto.

Watu tukiwaambia wanacheka kwanza, halafu wanauliza kwa sauti ya chini: mbona wewe ndiye unayekwenda? Nitafika huko, msomaji wangu, vuta subira kidogo. Maana mpango huu haukuanza hivi. Ulianza tukiwa wawili, safari yenyewe ikiwa ndefu mara mbili, na hakuna aliyekuwa amesikia neno korona.

Ramani ya kwenye friji

Mwaka 2019 tulibandika ramani ya nusu ya chini ya Afrika kwenye mlango wa friji na kuchora mstari mwekundu kutoka Dar hadi Cape Town. Tunduma, Lusaka, Livingstone, Kazungula, Francistown, Gaborone, Kimberley, halafu bahari. Karibu kilomita 5,000, na hapo ni kwenda tu.

Kwa Mtanzania njia hii imetandikwa mkeka. Zambia, Botswana na Afrika Kusini zote unaingia kutembea bila kuomba viza. Zote wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hakuna ile shida ya kuamka asubuhi na usingizi machoni ukajikuta umeingia upande wa lori. Baba watoto alikuwa na pikipiki yake ya cc 650, mtumba lakini ya chuma hasa. Mimi nilinunua ya cc 250, nyepesi, ambayo nikisimama miguu yote miwili inagusa chini. Tuliomba likizo ya Juni 2020. Tukanunua hadi mabegi ya pembeni.

Mnakumbuka kilichofuata. Usiku wa Machi 26, 2020 Afrika Kusini ilijifungia. Botswana nayo ikafunga mipaka. Mei 11 Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde, ambao ndio ng'ambo ya Tunduma, baada ya wagonjwa kuongezeka pale ghafla. Habari zilitoka mwisho wa wiki, Jumatatu geti likafungwa, na malori yakabaki yamepanga foleni. Siku chache baadaye, Mei 16, Kenya nayo ikazuia watu kuvuka mpaka wake na sisi, ikaacha mizigo tu.

Sisi tulikaa nyumbani kama watu wengine. Kwenye kalamu ya mpango wetu, wiki ya tatu ya Juni tungekuwa Kimberley. Wiki ile ile binti yetu alilazwa.

Binti ana selimundu. Wakati ule alikuwa na miaka minne. Kwa wale ambao hawajaishi nayo, nieleze kwa kifupi: chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto anapata maumivu ambayo mtu mzima angepiga kelele mtaa mzima ukasikia. Baridi inaweza kuyaleta. Kukosa maji kunayaleta. Homa ndiyo usiseme. Alilala wodini siku sita, akaongezewa damu, na baba yake akachangia chupa yake. Damu zao ni kundi moja, O. Mimi ni A.

Siku ya pili wodini mama mkwe alipiga simu kutoka Morogoro. Mama yule hazunguki. Akaniuliza, "Mwanangu, na kama mngekuwa huko mlikotaka kwenda, mipaka yote imefungwa, mtoto huyu angekuwa na nani?" Sikuwa na jibu. Baba watoto naye alipopewa simu akaangalia sakafu.

Saa 72 na pikipiki haviendani

Tulipotoka hospitali ramani ilibaki kwenye friji, lakini hakuna aliyeitaja kwa miezi. Na hata tungeitaja, sheria za kipindi kile zilitungwa na watu wa ndege. Nchi nyingi zilidai cheti cha vipimo kilichotoka ndani ya saa 72. Sasa piga hesabu. Unapima Dar, unasubiri majibu, unapanda pikipiki. Tunduma ni kilomita kama 930, siku mbili za mtu mwenye akili timamu. Ukifika getini cheti kinakaribia kuchacha kama maziwa. Ukivuka, kuna Zambia nzima ya kukata kabla ya Botswana, kwa hiyo unapima tena Lusaka, unasubiri tena, unalipa tena, na Botswana ukimaliza unaanza upya. Anayeruka na ndege angepima mara moja akafika. Januari 2021 Afrika Kusini ikafunga vituo 20 vya mipaka ya nchi kavu hadi katikati ya Februari. Viwanja vyake vikubwa vya ndege viliendelea kupokea wageni.

Masharti ya mwisho ya korona kule yalifutwa Juni 22, 2022. Nakumbuka tarehe kwa sababu nilikuwa na mimba kubwa na miguu imevimba, nikasoma habari ile kwenye simu nikacheka peke yangu. Mtoto wa kiume alizaliwa mwaka huo huo. Sasa mipaka iko wazi, mimi ndiye nimefungwa!

Halafu ikaja Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi. Hapa hapa Dar tukapewa amri ya kutotoka usiku na intaneti ikazimika kwa siku kadhaa. Siasa si za ukurasa huu, lakini kama wazazi tulijifunza kwamba geti linaweza kufungwa hata ukiwa kwenu, na kwamba mpango wowote unaotegemea WhatsApp peke yake si mpango.

Siku 28, Jumapili zikiwemo

Tuliporudi mezani safari hii tulianza na kalenda. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku hizo ni mfululizo, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa humo humo. Cape Town kwenda na kurudi ni kilomita 10,000. Ukitoa siku za mipakani, siku za kufua, siku za fundi, na siku moja ya kuumwa tumbo (ipo, usijidanganye), unabaki unakimbiza kilomita 450 hadi 500 kila siku kwa wiki tatu. Hiyo si likizo, ni kazi ya dereva wa lori bila posho. Tena Juni na Julai Cape Town ni majira ya baridi na mvua.

Septemba ingekuwa nzuri kidogo kwa hali ya hewa. Lakini Agosti wifi yangu anaolewa, mimi ni mweka hazina wa kamati, na Septemba mimi na mume wangu tutakuwa bado tunalipa madeni ya ukumbi. Tukafuta Cape Town. Mstari mwekundu sasa unaishia Livingstone, kwenye Maporomoko ya Victoria, kilomita kama 2,500 kutoka mlangoni kwetu. Juni maji bado ni mengi pale, wakati Oktoba na Novemba yanapungua sana. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mosi hiyo ni moshi huu huu wetu. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto, sijui kwa nini.

Urefu wa njia ukawa umekwisha. Likabaki swali la mama mkwe.

Kikao cha sebuleni kilichukua usiku tatu. Watoto wakishalala tunazima televisheni, kila mtu na chai yake. Usiku wa kwanza tulijaribu kupanga namna ya kwenda wote wawili: bibi aje, dada wa kazi awepo, mdogo wangu alale pale. Kila tulipofika kwenye "na mpaka ukifungwa je," mpango ulianguka. Usiku wa pili tuligombana, nisiwafiche. Yeye alisema tuache yote hadi watoto wakue. Mimi nikamwambia selimundu haikui ikaondoka. Binti akiwa na miaka 20 bado nitakuwa namwuliza kama amekunywa maji. Tukilisubiri hilo liishe, tutabandika ramani kwenye jeneza. Maneno makali, najua. Tulilala tumegeuziana migongo.

Suluhisho lilitoka Morogoro tena, usiku wa tatu, kwenye spika ya simu. Mama akasema, "Kwani lazima muende pamoja? Mwaka huu mmoja, mwakani mwingine. Watoto hawahitaji wazazi wawili kila siku, wanahitaji mmoja ambaye hayuko ng'ambo." Akakata simu aende kuswali. Tukabaki tunatazamana.

Sheria yetu sasa ndiyo hiyo: hatuwezi kuwa wote wawili nje ya nchi. Hadi Tunduma twende wote, kwa sababu Tunduma bado ni kwetu, na Mbeya kuna uwanja wa ndege wa Songwe. Likitokea la kutokea, mmoja anaacha pikipiki kwa fundi anapanda ndege kurudi Dar. Siku hizo nne au tano bibi atakuwa nyumbani. Tangu treni ya umeme ya Dar na Morogoro ianze Juni 2024, mama anafika kwetu kwa chini ya saa mbili, na anakuja na kikapu cha mboga bila kulalamikia mgongo.

Kwa nini mimi

Sasa lile swali. Sababu ya kwanza nimeshaitaja: damu. Ikihitajika chupa usiku wa manane, baba yake ndiye mwenye kundi la mtoto, na mwili wake uko tayari. Mimi kazi yangu pale ingekuwa kulia kwenye korido. Sababu ya pili ni ya kazi. Yeye ni fundi mitambo wa minara ya simu, likizo yake hukatwa katikati kila mnara ukizima. Mimi nakagua mahesabu, Juni kwetu ni kimya.

Sababu ya tatu aliisema mwenyewe. "Nikienda mimi, watu watanipa hongera. Ukienda wewe, watanipa pole. Nataka nisikie hiyo pole ni ya nini."

Pole zimekuja, tena kwa wingi. Shangazi yangu aliuliza kama tuna ugomvi. Ofisini kijana mmoja akaniambia, "Dada, si uende hata na basi?" Kwenye kamati ya harusi ndiko kulikonichosha zaidi. Mjumbe mmoja alisimama akasema kuna watu wana hela ya kuchezea pikipiki, ila mchango wa ndugu yao unatolewa kwa mafungu. Nilimwacha amalize. Kisha nikafungua daftari, kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, nikasoma majina yote, waliomaliza na ambao hawajaanza. Sisi tulikuwa tumemaliza. Yeye alikuwa hajaanza. Mada ikabadilika haraka sana ikawa rangi ya vitambaa vya mezani.

Lakini niseme ukweli kuhusu mume wangu, maana magazeti haya hupenda kuandika kuhusu wanaume wabaya. Haikuwa rahisi kwake. Pikipiki ni ndoto yake kabla haijawa yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kubadilisha gia kwenye kiwanja cha shule Jumapili baada ya ibada. Usiku mmoja nilimkuta jikoni anafuatisha ule mstari mwekundu kwa kidole, kuanzia Tunduma kwenda chini. Nilirudi kitandani bila kusema kitu.

Kadi mbili za njano

Kwa wanaotaka kujaribu, makaratasi ni haya, na yanachukua muda kuliko unavyodhani.

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu. Leseni iwe na daraja A, maana A1 ni kwa pikipiki ndogo zisizofika cc 125. Wengi wenye leseni za magari hawajui hilo hadi askari awaonyeshe. Kadi ya usajili ya pikipiki iwe ya asili, na jina liwe lako. Rafiki yetu mmoja, ambaye nitasafiri naye pamoja na mkewe, pikipiki yake imesajiliwa kwa jina la kampuni yake. Ameandika barua ya kampuni kumruhusu yeye mwenyewe kutoka nayo nje ya nchi, akaigongea muhuri yeye mwenyewe, na amekwenda kwa wakili kuithibitisha. Tulicheka, lakini forodha hawacheki. Hawa ni watu wazima wa miaka hamsini na kitu, wamefika Lusaka mara mbili, na bila wao nisingekwenda.

Halafu kuna kadi za njano, ambazo ni mbili na watu huzichanganya. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchoma asubuhi ya safari. Tangu Julai 2016 ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Ya pili ni bima ya COMESA ya chombo cha moto. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima tumebaki, na kampuni ya bima inakutolea hapa hapa. Inatambulika Zambia, Malawi na Zimbabwe. Botswana haimo.

Mpakani lenyewe, tangu 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo kimoja, unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja badala ya mawili. Upande wa Zambia pikipiki inapewa kibali cha muda, halafu kuna ada ndogo ndogo za barabara, za hewa chafu na za halmashauri ya mji. Kila risiti itunze, unaulizwa njiani. Na usikubali kijana wa nje akushikie pasipoti "akusaidie". Kwacha za Zambia zilikatwa sifuri tatu Januari 2013, kwa hiyo anayekupa noti za zamani anakupa kumbukumbu tu.

Njia yenyewe naijua hadi Tunduma. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kilomita kama 50, mwendo ni wa taratibu na ukigonga mnyama kuna faini yake. Kitonga unapanda nyuma ya malori yanayotembea kama konokono, na hapo usishawishike kupita kwenye kona. Makambako mwezi wa sita ni baridi ya kuuma vidole, nimenunua glavu za pili. Baada ya Nakonde ni barabara ndefu, malori ya shaba yanakuja Dar na ya mafuta yanakwenda kusini. Kati ya Mpika na Serenje ni zaidi ya kilomita 200, na tangi langu halifiki lita 8. Nitafunga dumu la lita tano nyuma. Na saa 11 jioni pikipiki imezimwa, popote tulipo. Hilo halina mjadala.

Usiku wa Lushoto

Machi tulifanya jaribio. Mimi na wale wenzangu wawili tulikwenda Lushoto siku nne, baba watoto akabaki na nyumba, bila bibi, kwa makusudi. Nilimwachia daftari. Ukurasa wa kwanza dawa: foliki asidi asubuhi, haidroksiyurea jioni, chupa mbili za maji zinazokwenda shule zirudi tupu. Ukurasa wa pili simu: daktari wa kliniki, dereva wa teksi anayeamka usiku, ndugu watatu wa kundi O waliokubali kuitwa saa yoyote. Ukurasa wa tatu umeandikwa sentensi moja tu: homa ikifika 38, hakuna kusubiri asubuhi.

Usiku wa pili, saa 5, simu ikalia. Binti ana 38.4, wako tayari hospitali, mdogo wake yuko kwa jirani. Sauti ya baba watoto ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayotumia akiwa juu ya mnara.

Mimi nilikuwa mlimani, kilomita zaidi ya 300, nje ukungu. Nilivaa buti. Nilitafuta funguo. Yule mama tuliyesafiri naye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, funguo mkononi mwake. Akasema, "Tulikubaliana usiku hatuendeshi. Ukianguka kwenye kona hizi, watakuwa na wagonjwa wawili." Nilimchukia dakika kama kumi. Kisha nilikaa na buti zangu miguuni hadi saa 11 alfajiri, simu kifuani. Saa 8 usiku ujumbe ukaja: amepewa dawa, damu iko sawa, amelala. Saa 10 mwingine: picha ya binti amekumbatia chupa ya maji.

Niliporudi Dar mchana wake alikuwa amekaa kitandani anachora. Akaniangalia akasema, "Mama, mbona umerudi leo? Si ulisema Jumapili?" Baba yake akageukia dirishani ili nisimwone anavyocheka.

Baada ya pale tuliongeza mambo kwenye daftari. Barua ya ridhaa kwa bibi na kwa mdogo wangu, yenye saini zetu wote, ili hospitali wakihitaji mtu wa kuamua na baba hayupo wasianze kutafutana. Simu ya kila siku saa 1 usiku. Kama intaneti haipo, ni simu ya kawaida na salio liko tayari, na kama simu ya kawaida haipo, mimi nageuza asubuhi. Zikianza tetesi za kufunga mpaka, ugonjwa au lolote, sisubiri tangazo rasmi. Nakonde mwaka 2020 tangazo na kufuli vilipishana kwa siku moja tu, na kutoka Livingstone hadi Tunduma ni kilomita 1,500. Kwa hiyo kuna hela ya tiketi ya ndege ya kurudi kutoka Lusaka, imewekwa kwenye akaunti ambayo wote wawili tumekubaliana haiguswi hata na harusi. Pikipiki nitaiacha. Ni chuma, itatufuata baadaye au haitatufuata.

Kuna jambo moja hatujaelewana hadi leo. Kilomita 70 baada ya Livingstone liko daraja la Kazungula, mita 923, lililofunguliwa Mei 10, 2021 mahali ambapo watu walikuwa wakivuka Zambezi kwa pantoni. Limepinda kidogo katikati, na ukilivuka uko Botswana. Mimi nataka kulivuka. Baba watoto anasema tulikubaliana Livingstone, Botswana ni mpaka wa pili, bima ile haimo, na kule wana sheria kali za mifugo: nyama mbichi inachukuliwa, viatu unakanyaga dawa. Nikamwambia sina mpango wa kwenda na ng'ombe. Akasema mwakani ni zamu yake, nimwachie angalau daraja moja.

Tumeandika kwenye daftari, kwa penseli: "Kazungula, tutaongea saa 1 usiku." Binti ameagiza picha za mihuri yote ya pasipoti. Mdogo wake ameagiza simba.